Nani atawasimulia watoto wetu habari ya Shakahola?

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitano makaburi ya kwanza yalipofukuliwa Shakahola, Aprili 2023, sasa amekua. Yuko shuleni, anajisomea mwenyewe, na jina la Shakahola analijua. Amelisikia kwenye matatu, amelisikia dukani alipotumwa sukari, ameliona kwenye simu ya mjomba wake. Watoto wa mitaa yetu hapa Malindi wamekwisha kulifanya neno la utani: mwenzao akikataa chakula, wanamwambia anataka kwenda kwa Mackenzie. Wanacheka, kisha mchezo unaendelea.

Swali langu wiki hii ni moja. Habari hiyo mtoto ameipata kwa nani, na ameambiwa nini? Tukisema kweli, katika nyumba nyingi hakuna mtu mzima aliyeketi naye akamweleza. Sisi tumenyamaza, na simu ndiyo iliyosema.

Napendekeza tuwaandikie kitabu. Si kitabu kikubwa cha historia. Ni kitabu cha picha, kurasa thelathini hivi, kwa Kiswahili chepesi na toleo jingine la Kigiriama, cha kusomwa na mtoto wa miaka sita hadi kumi akiwa ameketi na mzazi au mwalimu. Na naona kitabu hicho hakifai kuwa kitabu cha kifo. Kiwe kitabu kinachomwonyesha mtoto ni wakati gani asimsikilize mkubwa, na akishakataa, aende kumwambia nani.

Tukumbushane yaliyotokea

Msitu wa Shakahola uko bara ya Malindi, katika eneo la Chakama. Huko ndiko walikohamia wafuasi wa kanisa la Good News International la mhubiri Paul Mackenzie, baada ya kanisa hilo kufungwa mjini mwaka 2019. Katikati ya Aprili 2023 polisi waliingia msituni na kuwakuta watu waliodhoofika kwa njaa. Siku chache baadaye ufukuaji ukaanza. Kabla ya mwaka kwisha, miili iliyotolewa ardhini ilikuwa imepita 400. Upasuaji wa maiti ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na baadhi yao, wakiwemo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya wapendwa wao katika mochari ya Malindi Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, kwa sababu ilibidi kusubiri vipimo vya DNA.

Mackenzie na wenzake wameshtakiwa kwa mauaji, kuua bila kukusudia, ugaidi na ukatili dhidi ya watoto. Waliposomewa mashtaka hayo waliyakana yote, na kesi zingali mahakamani. Lakini iko namba moja katika mashtaka hayo ambayo kila mzazi wa Kilifi anapaswa kuijua. Shtaka la mauaji lililosomwa katika Mahakama Kuu ya Malindi Februari 2024 linahusu watoto 191. Hiyo ni kama shule ndogo nzima ya kijijini, kuanzia chekechea hadi darasa la juu. Na walionusurika wamesimulia kwamba katika mpango uliohubiriwa, watoto ndio waliotakiwa kutangulia.

Tulipodhani tumemaliza kuzika, ikaja habari ya Kwa Bi Nzaro, kuko huko Chakama, katikati ya mwaka 2025. Miili zaidi ya 30 ikapatikana. Hapo ndipo nilipoacha kuiona Shakahola kama jambo lililopita. Jambo linaloweza kujirudia ndani ya miaka miwili, katika eneo lile lile, chini ya macho yale yale, bado halijawa historia. Ni hatari iliyopo, na mtoto hufundishwa hatari iliyopo kama anavyofundishwa moto, kisima na barabara.

Taifa la kuzika na kusahau

Sisi Wakenya tuna desturi ya kulia sana wiki ya kwanza kisha kuacha. Mtoto wa Likoni anavuka kwa feri kila siku na hajui kwamba tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Vijana wanaoingia chuo kikuu leo walikuwa watoto wadogo wakati watu 148 walipouawa Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, na wengi wao wanaijua kwa jina tu. Shambulio la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, lililoua zaidi ya watu 200, angalau lina bustani yake ya kumbukumbu. Kitabu ambacho mzazi wa Malindi anaweza kununua akamsomea mwanawe usiku kuhusu msiba wowote kati ya hiyo, mimi sijakiona katika maduka ya vitabu ya mjini kwetu.

Wenzetu wamefanya. Mwaka 1980 mchoraji wa Kijapani, Toshi Maruki, alitoa kitabu cha picha kiitwacho Hiroshima no Pika, kuhusu msichana wa miaka saba na wazazi wake siku bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji wao. Maruki hakuficha kitu. Moto umo, na maiti wamo. Ni kitabu kizito, lakini kimeandikwa kwa ajili ya mtoto.

Wamarekani wana vitabu vingi vya watoto kuhusu mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kimojawapo kinatuhusu sisi, na naona ajabu kwamba Wakenya wengi hawakijui. Kinaitwa 14 Cows for America, kilitoka 2009, kimeandikwa na Carmen Agra Deedy akishirikiana na Mkenya, Wilson Kimeli Naiyomah, na michoro ni ya Thomas Gonzalez. Naiyomah alikuwa mwanafunzi Marekani na siku ile alikuwa New York. Aliporudi kwao Enoosaen, kaunti ya Narok, aliwasimulia wazee wa Kimaasai yaliyotokea. Wazee wakaamua kuwafariji Wamarekani kwa kitu cha thamani walicho nacho: ng'ombe 14. Mwaka 2002 mwanadiplomasia wa Marekani alifunga safari hadi kijijini kuwapokea.

Tazama kitabu kile kilivyojengwa. Msiba wenyewe hauchukui nafasi kubwa. Sehemu kubwa ni jirani wa mbali aliyesikia kilio akainuka. Mtoto anayekisoma haendi kulala akiwaza majengo yanayoanguka. Anaenda kulala akiwaza ng'ombe, na watu waliowatoa.

Na hapa ndipo ninapouliza. Kijiji cha Kenya kimeingia katika kitabu cha kuwafariji watoto wa Marekani. Watoto wa Kakuyuni, Marafa, Langobaya na Chakama, waliokuwa wakiona magari ya polisi na ya maiti yakipita mbele ya shule zao, wamefarijiwa na kitabu gani?

Tuna kuku wa Mekatilili

Msomaji asije akadhani nataka tuige ya kigeni. Kilifi ina mfano wake, na ni wa zamani kuliko vitabu vyote hivyo.

Kila mtoto wa Kigiriama amesimuliwa habari ya Mekatilili wa Menza, ambaye sanamu yake iko hapa Malindi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1913, serikali ya Waingereza ilipotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwao, Mekatilili alifika barazani na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia afisa Mwingereza, Arthur Champion, achukue kifaranga kimoja. Aliponyosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia kwamba ndivyo itakavyokuwa akitaka kuwachukua wana wa Wagiriama.

Yaliyofuata yalikuwa msiba. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na Mekatilili mwenyewe alikamatwa akapelekwa uhamishoni mbali na kwao. Lakini mzee anayemsimulia mjukuu wa miaka sita haanzi na baruti. Anaanza na kuku. Mtoto akimshika kuku, amekishika kisa chote, na akikua ataongezewa yaliyobaki kidogo kidogo. Hicho ni kitabu cha picha ambacho hakijachapishwa, na kimeishi zaidi ya miaka mia moja.

Simulizi za namna hii si za kupitisha jioni tu. Katika kisiwa cha Simeulue huko Indonesia, wimbi kubwa la tsunami liliua watu wengi mwaka 1907. Waliobaki walitunga visa na nyimbo za kuwabembelezea watoto, wakaliita wimbi lile smong: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani, usingoje kuambiwa. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ikarudi nyuma tena. Kisiwa kizima kikapanda mlimani, na kati ya watu zaidi ya 70,000 walikufa 7 tu, wakati ng'ambo ya pili huko Aceh watu wasiohesabika walisombwa. Mawimbi yale yale, yakiwa yamepungua nguvu, yalifika hadi fukwe zetu za Malindi na Watamu siku hiyo hiyo. Watu wa Simeulue waliokolewa na kisa walichosimuliwa wakiwa watoto na bibi zao.

Asiyesikia la mkuu

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Kisa cha Shakahola kikisimuliwa kwa mtoto, kitamfundisha nini?

Malezi yetu ya Pwani, kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa Waswahili na kwa Mijikenda, yamesimama juu ya methali moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tunaiandika kwenye kuta za madarasa. Mtoto mwema kwetu ni mtoto msikivu. Akiambiwa kaa, anakaa. Akiambiwa usiulize, haulizi.

Watoto wa Shakahola walisikia la mkuu. Walimsikia baba, walimsikia mama, walimsikia mhubiri. Walipoambiwa shule ni dhambi, waliacha shule. Walipoambiwa hospitali ni dhambi, waliugua nyumbani. Walipoambiwa wasile, hawakula. Hawakuvunjika guu, walikufa.

Hii ndiyo sababu naona hatuwezi kukiandika kisa hiki bila kuigusa methali yetu. Siitaki ifutwe. Mimi pia ni mzazi, na nataka wanangu wanisikie. Lakini kitabu kimwambie mtoto waziwazi kwamba mkuu anaweza kukosea, na yako mambo ambayo mkubwa yeyote akiyaamuru, awe mzazi, ustadhi, mchungaji au mwalimu, mtoto ana haki ya kukataa na kukimbia kusema. Kunyimwa chakula. Kuguswa vibaya. Kufichwa shule. Kuambiwa jambo fulani ni siri ya nyumba na akilisema ataungua motoni.

Katika Uislamu hili si jambo geni. Tumefundishwa kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na kuua nafsi ni katika maasi makubwa. Tatizo ni kwamba mafundisho hayo tunayahifadhi kwa ajili ya watu wazima, na mtoto tunampa nusu ya kwanza tu, ile ya kutii.

Saumu ina futari

Liko jambo jingine ambalo watoto wetu wa Kiislamu watauliza, na mwandishi wa kitabu lazima awe tayari nalo. Watasema: kwani kufunga si ibada?

Ni ibada. Mtoto wa Pwani anaanza kujaribu kufunga akiwa na miaka saba au minane, na anaona fahari akifika adhuhuri. Lakini hebu tazama namna mama anavyofanya. Mtoto akilegea, anaitwa jikoni, anapewa maji na kaimati iliyobaki jana, anaambiwa amefunga vizuri na kesho atajaribu tena. Asiyebaleghe halazimiki. Mgonjwa halazimiki. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha ana ruhusa yake. Na kwa wote, jua likizama kuna tende, kuna uji, kuna futari ya pamoja, na jirani asiye na kitu anapelekewa sahani. Wakristo nao wana mfungo wao, na mfungo wao pia una mwisho.

Hilo mtoto wa miaka sita analielewa bila mhadhara. Saumu ina futari. Funga isiyo na futari si saumu, ni mauaji, hata kama anayeiamuru ameshika kitabu kitakatifu mkononi. Ningependa kuona picha mbili zikielekeana katika kitabu hicho: upande huu sinia la futari limezungukwa na mikono ya wakubwa na wadogo, na upande wa pili sufuria iliyofunikwa kifudifudi, meko baridi. Hapana haja ya kuchora maiti hata mmoja.

Wanaopinga

Najua wengi watapinga, na baadhi yao wana hoja.

Watasema mtoto ni mdogo mno kuambiwa habari za kifo. Lakini tunamwambia tayari. Mtoto wa madrasa wa miaka sita anajua kwamba Nabii Yusuf alitumbukizwa kisimani na ndugu zake. Anajua kwamba Firauni aliua watoto wa kiume. Anajua Kabili alimuua Habili, na kwamba kunguru ndiye aliyemwonyesha muuaji namna ya kuzika. Mwenzake wa shule ya Jumapili anajua habari ya Herode na watoto wa Bethlehemu. Dini zetu hazikuogopa kuwaambia watoto kwamba watu wazima huua. Zilichofanya ni kuwaambia kwa mpangilio, na kuhakikisha kisa hakiishii kisimani.

Watasema kesi ziko mahakamani. Ni kweli, na kitabu kisimhukumu mtu. Hakihitaji kumtaja Mackenzie hata kwa jina. Mtoto hahitaji jina la mshtakiwa, anahitaji kuitambua dalili. Ndugu wengine watauliza kuhusu kuchora sura za watu. Nao wasikizwe: dawati tupu, mlango uliofungwa, njia iingiayo msituni na kikombe cha uji vinaweza kubeba kisa bila uso wa mtu. Na tukifanya hivyo tunapata faida ya pili, kwamba hakuna mtoto wa kweli atakayetambulikana. Wako manusura wadogo ambao leo wanasoma na wenzao darasani. Kitabu kikiwafanya wanyooshewe vidole, kimewaumiza mara ya pili.

Wa hoteli watasema tunaharibu jina la Malindi wakati watalii wameanza kurejea. Jina la Shakahola limekwisha kuzunguka dunia nzima. Kilichobaki ni sisi kuamua kama dunia itatujua kwa yaliyotokea tu, au pia kwa tulivyowalinda watoto wetu baada ya kutokea.

La mwisho nalisema kwa uangalifu. Mimi ni Mwislamu, na msiba huu ulitokea chini ya jina la kanisa. Sitaki kitabu kitakachomfanya mtoto wa Kiislamu amtazame mwenzake Mkristo kama mtu wa dini ya wendawazimu. Sisi tunaujua uchungu huo. Baada ya Mpeketoni, Juni 2014, ambako zaidi ya watu 60 waliuawa, na baada ya Garissa, watoto wetu wenye kanzu na buibui walitazamwa vituoni kama kwamba wao ndio walioshika bunduki. Wako pia wazazi wa Kiislamu hapa Pwani ambao vijana wao walidanganywa kwa maneno ya dini wakavushwa mpaka hadi Somalia, na wengi hawakurudi. Aliyempeleka mwana wa mtu porini akafe kwa njaa na aliyempeleka mwana wa mtu porini akafe kwa risasi walitumia chambo kimoja: Mungu ameniambia mimi, na wewe usiulize. Kitabu kiandikwe na pande zote mbili, na kikiweza kipitiwe na CICC, baraza linalowaleta pamoja viongozi wa dini mbalimbali hapa Pwani.

Kitabu kianze na dawati

Mimi si mwanasaikolojia, na elimu yangu imeishia diploma. Lakini nikiombwa kupendekeza ukurasa wa kwanza, ningeweka dawati lenye mtoto mmoja na nafasi tupu kando yake.

Mackenzie alianza kufikishwa mahakamani mwaka 2017, kuhusu mahubiri yake dhidi ya elimu ya shule. Miaka sita kabla ya makaburi, dalili ilikuwa watoto wasiokwenda darasani. Na ni nani anayegundua mwanzo kwamba mtoto hayuko? Kabla ya mwalimu, kabla ya chifu, ni yule aliyekuwa akiketi naye.

Basi kitabu kimfuate msichana wa Gredi ya 2 ambaye rafiki yake haji tena. Anapita kwao, anaona mbuzi wameuzwa, kitanda kimeuzwa, na rafiki yake amekonda na haruhusiwi kucheza. Anamwambia mama, mama anasema mambo ya nyumba za watu hatuingilii. Anamwambia mwalimu, mwalimu anaandika kwenye daftari. Habari inafika kwa afisa, afisa anasema atakuja, haji. Msichana anamwambia bibi yake. Bibi anachukua chungu cha uji, anaita majirani, wanakwenda.

Hapa najua nitaambiwa nimewachora vibaya wakubwa. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana mwaka 2023, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu mwaka uliofuata, zote zilionyesha kwamba maonyo yalitolewa mapema na waliopaswa kuchukua hatua wakalegea. Tukimwambia mtoto kwamba ukisema mara moja utasaidiwa, tunamdanganya, na siku atakapopuuzwa atanyamaza milele. Tumwambie kweli: wa kwanza anaweza asikusikilize. Mwambie wa pili. Mwambie wa tatu. Piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto. Ukurasa wa mwisho uwe na nambari hiyo, kwa tarakimu kubwa ambazo hata wa chekechea atazisoma.

Na mwisho wa kisa? Baadhi ya watoto wanarudi darasani. Baadhi hawarudi. Hilo lisifichwe, ila lisiandikwe kwa maneno mengi. Madawati mawili yenye watoto na moja lenye ua juu yake yanatosha, na mtu mzima aliyeketi kando atajibu maswali kadiri yanavyokuja. Ndiyo maana nimesema kitabu hiki kisomwe pamoja, wala kisitiwe katika mtihani.

Serikali iliahidi kwamba msitu wa Shakahola utageuzwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Ahadi hiyo tuidai. Lakini mnara wa msituni utatembelewa na wenye nauli. Kitabu kinaingia katika mkoba wa mtoto wa Ganze na wa Magarini kwa pamoja. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kwa hivyo Kilifi haihitaji kungoja Nairobi ili kuanza. Ikishaandika, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) inaweza kukikagua ili kifike shule za msingi. Waandishi tunao, wachoraji tunao, walimu wanaojua Kigiriama safi tunao.

Vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti vitakapoitishwa, mwakilishi wa wadi yako atauliza kama kuna mwenye pendekezo. Kwa kawaida tunataja barabara, maji na zahanati, na ni haki yetu. Safari hii, mmoja wetu ainue mkono ataje kitabu.